Marathoni baada ya miaka 60: mazoezi, kupona na siku yenyewe ya mbio (uzi kwa wakimbiaji wa umri mkubwa)

Mzee wa Kilomita

Habari zenu wakuu. Kijana akiuliza humu namna ya kushusha muda wake wa marathoni anapewa ratiba, anapewa mazoezi ya kasi, anaelekezwa mpaka viatu. Mzee akiuliza anaambiwa linda magoti, tembea tu inatosha. Hilo linaniuma. Watu wa umri wetu wana uwezo mkubwa kuliko wanavyoambiwa, na wengi wanaacha mbio kabla hawajajua miili yao inaweza nini. Ndiyo sababu nimefungua uzi huu.

Mimi nilianza kukimbia nikiwa nimeshavuka 50. Sasa nimepita 60 na bado nakimbia marathoni kamili, kilomita 42 na mita 195. Sijawahi kuwa mwanariadha wa kulipwa. Nina kazi, nina wajukuu, na shauku yangu kwa mchezo huu haijapoa hata kidogo.

Ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: mwili wa mzee unafundishika kama wa kijana, ila unachelewa kupona. Ukiupa kazi, moyo unaitikia na misuli inaongeza nguvu hata kwa mtu wa miaka 70. Lakini kijana akikimbia mbio ndefu Jumapili, Jumanne yuko fiti kwa mazoezi ya kasi. Mimi mbio ndefu ya Jumapili bado naisikia mapajani siku ya Jumatano. Kwa hiyo kabla sijapanga zoezi lolote najiuliza kama nitakuwa nimelipona kabla ya zoezi linalofuata. Kama jibu ni hapana, zoezi hilo halina faida kwangu hata kama limeandikwa na kocha bingwa.

Ratiba karibu zote utakazokutana nazo zimejengwa juu ya wiki ya siku saba. Wiki ni ya kalenda, misuli haiijui. Mimi natumia mzunguko wa siku kumi. Ndani yake kuna mbio ndefu moja, zoezi la kasi moja, mbio chache za polepole, mazoezi ya nguvu mara mbili, na siku zilizobaki napumzika au natembea. Tangu nihamie huku naingia kwenye mbio ndefu nikiwa na miguu mipya, na hapo ndipo stamina inapojengeka.

Sasa tusidanganyane kuhusu umri. Uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 10 kila muongo baada ya miaka 30 kwa mtu asiyefanya mazoezi. Anayeendelea kujifua kwa bidii anaweza kupoteza karibu nusu tu ya kiasi hicho. Mapigo ya juu kabisa ya moyo nayo yanashuka, na hayo yanashuka kwa kila mtu, ujifue usijifue. Misuli inapungua, hasa nyuzi za kasi, zile za kuruka na kuchomoka. Kano nazo zikiumia zinachukua muda mrefu kupona.

Pamoja na hayo yote, tazameni historia. Bingwa wa marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa na miaka 36, na miaka minne baadaye kule Munich akachukua shaba akiwa na 40. Carlos Lopes wa Ureno alishinda dhahabu ya Olimpiki 1984 akiwa na 37, kisha mwaka 1985 akavunja rekodi ya dunia pale Rotterdam kwa saa 2, dakika 7 na sekunde 12 akiwa na miaka 38. Kenenisa Bekele alikimbia saa 2:04:15 mjini London mwaka 2024 akiwa na miaka 41. Hao ni wa daraja la juu kabisa, ndiyo, lakini mwili wao ni wa nyama na mifupa kama wetu.

Ninayemheshimu kupita wote ni Ed Whitlock wa Kanada. Mwaka 2003, akiwa na miaka 72, akawa mtu wa kwanza aliyevuka 70 kukimbia marathoni chini ya saa 3: saa 2, dakika 59 na sekunde 10. Mwaka uliofuata, akiwa na 73, akashusha mpaka 2:54:48. Akiwa na 85 alikimbia 3:56:34. Kuna vijana wengi wa miaka 30 ambao wangefurahia muda huo.

Nitaendelea kadiri maswali yanavyokuja. Karibuni wote, wazee kwa vijana.

Pumzi Ndefu

Shikamoo mzee. Nimeweka kambi hapa. Baba yangu ana miaka 63 na ametangaza kwamba anataka kukimbia marathoni, nyumbani wote tumeogopa moyo. Unatushauri nini?

Mzee wa Kilomita

Marahaba mwanangu. Hofu yenu ina msingi, na nisingependa mtu aipuuze, ila iwekeni kwenye kipimo chake. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia mbio za marathoni na nusu marathoni kuanzia mwaka 2000 hadi 2010. Washiriki walikuwa kama milioni 10.9, na mioyo iliyosimama wakati wa mbio au mara tu baada yake ilikuwa 59. Hiyo ni takriban mmoja kwa kila watu 184,000. Wengi wa walioathirika walikuwa wanaume, na matatizo ya moyo yalikuwemo tangu awali bila wenyewe kujua.

Kwa hiyo baba aende akapimwe kabla ya kuanza mazoezi. Apimwe presha, sukari, lehemu na umeme wa moyo, na amweleze daktari wazi kwamba anataka kukimbia marathoni, asiseme tu "nataka mazoezi kidogo". Kama kwenye ukoo kuna mtu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana, alitaje hilo pia. Daktari akiona kuna haja, atampima huku anakimbia kwenye mashine.

Na akishaanza, ayajue haya: kifua kubana wakati wa mbio, maumivu yanayopanda shingoni au kushuka mkononi, kizunguzungu, pumzi kukata kuliko kawaida kwa kasi ileile ya siku zote, moyo kudunda bila mpangilio. Likitokea moja, anasimama palepale. Asijiambie amalizie kilomita mbili zilizobaki. Anasimama na anatafuta msaada. Hapo hakuna ushujaa.

Mkishafanya hayo, mpeni baraka zenu. Mtu wa miaka 63 akikaa kitini naye ana hatari zake.

Kigimbi

Mzee, nondo zimeshuka, lakini kuna sehemu sikubaliani nawe. Unasema kupumzika, halafu unamsifia Whitlock. Nilivyosoma mimi, yule mzee alikuwa anakimbia karibu kila siku, saa mbili mpaka tatu, anazunguka palepale kwenye makaburi karibu na nyumbani kwake. Mzunguko wa siku kumi yeye hakuwa nao!

Mzee wa Kilomita

Nashukuru kwa swali hili mkuu, ni zito. Ni kweli kabisa. Whitlock alizunguka kwenye makaburi kwa saa tatu, siku baada ya siku, bila kocha. Lakini zingatia mambo mawili. Kwanza kasi: mbio zile zilikuwa za polepole mno ukilinganisha na kasi yake ya mashindano, hatua fupi, miguu haiinuki sana. Kasi aliipata kwenye mashindano mafupi ambayo alishiriki mara kwa mara. Pili, alipoumia alisimama kwa muda mrefu. Goti lilimsumbua miaka mingi, na kuna vipindi virefu hakukimbia kabisa.

Halafu alikuwa mkimbiaji mzuri ujanani kule Uingereza, akaacha kwa miaka mingi, akarudi akiwa katika miaka ya 40. Msingi ule haupotei wote. Mtu aliyeanza akiwa na 55 akiiga saa tatu kila siku atavunjika kabla ya mwezi kuisha. Tunachoweza kujifunza kwake ni uvumilivu wa kwenda polepole, na hapo ndipo wengi tunapokwama. Siku ya polepole tunaenda nusunusu, siku ya kasi tunafika tumechoka, matokeo yake siku zote zinafanana na hakuna inayojenga kitu.

Kipimo changu cha siku ya polepole ni mazungumzo. Lazima niweze kusema sentensi nzima ndefu bila kukatiza ili nivute pumzi. Nikikimbia peke yangu naisema kwa sauti. Saa za mkononi zinatoa namba za moyo, sawa, ila wengi wanaziwekea kiwango cha juu kwa ile kanuni ya 220 toa umri, ambayo kwa mtu wa miaka 65 inatoa 155. Kanuni iliyotolewa mwaka 2001, ya 208 toa asilimia 70 ya umri, kwa mtu huyohuyo inatoa kama 162. Na hata hiyo ni wastani, maana watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kwa mapigo kumi na zaidi. Sentensi nzima ndiyo kipimo kisichohitaji kanuni.

Kigimbi

Nimekuelewa kwa hapo. Ila mazoezi ya kasi kwa mzee mimi bado nayaona ni kujitafutia majeraha. Kwa nini usikimbie polepole tu, basi?

Mzee wa Kilomita

Kwa sababu nyuzi za kasi ndizo zinazopotea kwanza, na usipozitumia zinaondoka jumla. Mzee anayekimbia polepole tu, mwaka hadi mwaka hatua yake inafupika mpaka anakuwa kama anaburuta miguu. Hapo anajikwaa kwenye lami iliyonyooka, na kuanguka ukiwa na miaka 65 si jambo dogo.

Ila kasi ninayoisema ina adabu zake. Naipendelea ya mlimani. Mlima mfupi, napanda kwa nguvu sekunde 20 hivi, nashuka natembea mpaka pumzi irudi yote, narudia mara sita mpaka nane. Ukipanda, mguu unagusa ardhi kwa kishindo kidogo na huwezi kunyoosha hatua kupita kiasi, kwa hiyo nyama za nyuma ya paja zinasalimika. Kabla ya hapo napasha mwili moto kwa dakika 20 kamili. Zamani dakika tano zilitosha, siku hizi dakika tano ndiyo kwanza viungo vinaamka. Na sipigi kasi kama asubuhi ile kano ya kisigino imenikataza.

Mwanzo Mgumu

Hapo kwenye kano ya kisigino ndipo pangu! Imekataaje mzee? Yangu ina uvimbe kama punje, nikiamka asubuhi nachechemea mpaka nifike bafuni, halafu inaachia.

Mzee wa Kilomita

Pole sana ndugu yangu. Hicho unachokieleza ndicho kilio cha wakimbiaji wengi wa umri wetu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza namna ya kuisoma. Nikiamka, kabla sijaenda popote, nasimama pembeni ya kitanda, nashika ukuta kwa vidole viwili, nainuka kwa ncha ya mguu mmoja taratibu mara kumi, kisha mguu wa pili. Nasikiliza mahali penyewe, sentimita chache juu ya kisigino. Ukakamavu unaoisha baada ya mara tatu nne ni wa kawaida, siku hiyo nakimbia. Maumivu yanayoongezeka kadiri ninavyorudia maana yake leo natembea. Na nikiibana kano kati ya kidole gumba na cha shahada nikakuta pamevimba kuliko upande wa pili, kasi na milima vinafutwa mpaka ipungue.

Sasa tiba. Kano haiponi kwa kupumzika peke yake. Ukikaa wiki tatu maumivu yanapotea, ukirudi barabarani yanarudi nayo. Kano inahitaji kubebeshwa mzigo, polepole na kwa mpangilio. Zoezi lililobadilisha mambo lilichapishwa na Alfredson na wenzake wa Sweden mwaka 1998. Unasimama kwenye ukingo wa ngazi kwa nusu ya mbele ya unyayo, kisigino kikining'inia. Unapanda kwa kutumia mguu mzima, yaani ule usioumwa, unahamishia uzito kwenye mguu mbovu, kisha unakishusha kisigino taratibu mpaka kiwe chini ya usawa wa ngazi. Kupanda tena unatumia mguu mzima. Unafanya mara 15, seti tatu, goti likiwa limenyooka, kisha mara 15 nyingine, seti tatu, goti likiwa limepinda kidogo. Yote hayo asubuhi na jioni, kila siku, kwa wiki 12. Likizoeleka unabeba begi lenye uzito mgongoni.

Hesabu yake ni kushusha mara 180 kwa siku, na mimi naona kwa mzee aliyeanza juzi ni nyingi mno. Anza na seti moja moja, ongeza ukiona asubuhi inayofuata haijawa mbaya zaidi. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika, makali hapana. Kama maumivu yako yapo pale chini kabisa kano inapoungana na mfupa wa kisigino, usishushe chini ya usawa wa ngazi, ishia kwenye usawa wake, kwa sababu kule chini mfupa unaibana kano. Mwone pia mtaalamu wa mazoezi ya viungo aipapase mwenyewe. Na kama siku moja utasikia mlio kama umepigwa na kitu nyuma ya mguu na ukashindwa kuinuka kwa ncha, hiyo imekatika, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na tafadhali, usipigwe sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ndani ya kano ili tu uwahi mashindano. Inaweza kuidhoofisha mpaka ikakatika.

Bibi Raba

Kaka, uzi ni mzuri lakini mpaka sasa ni wanaume watupu. Ngoja niingie.

Wakimbiaji wanawake wa umri wangu tulizaliwa wakati dunia inaamini kwamba mwanamke hawezi kukimbia umbali huu. Marathoni ya Boston kule Marekani haikuruhusu wanawake rasmi mpaka mwaka 1972. Kathrine Switzer alipokimbia pale mwaka 1967 akiwa na namba kifuani, ofisa wa mbio alijaribu kumtoa kwa nguvu barabarani. Olimpiki ikawa na marathoni ya wanawake mwaka 1984, na Joan Benoit akashinda kwa 2:24:52. Switzer alirudi Boston mwaka 2017 akiwa na miaka 70, akamaliza kwa saa 4 na dakika 44. Nikiwa kwenye mstari wa kuanzia nawakumbuka hawa wote.

Ninayependa kumtaja kwa wenzangu ni Mariko Yugeta wa Japani. Mwaka 2019 akawa mwanamke wa kwanza mwenye miaka 60 na zaidi kukimbia chini ya saa 3, na mwaka 2021 akiwa na 62 akakimbia 2:52:13. Kwa hiyo mtu asinieleze habari za umri.

Niongeze ambalo wanaume hamlijui. Baada ya ukomo wa hedhi homoni ya estrojeni inashuka na mifupa inapoteza uzito kwa kasi, hasa miaka ya mwanzo. Kukimbia kunasaidia lakini peke yake hakutoshi. Mwanamke anayekimbia kilomita nyingi, anayekula kidogo ili apungue, yuko kwenye hatari ya ufa wa mfupa. Ufa huo unaanza kama maumivu ya mahali pamoja panapofunikwa na kidole kimoja: kwenye muundi, kwenye unyayo, au ndani kabisa ya kinena. Ya kinena ndiyo mabaya zaidi, hayo usikimbie nayo hata hatua moja, yanaweza kuwa ni shingo ya mfupa wa paja.

Mimi nanyanyua vyuma. Vizito, si vile vya kuchezea. Kuchuchumaa na uzito, kunyanyua kutoka chini, kupanda jukwaa na uzito mikononi. Nilipoanza watu walinishangaa, sasa wananiuliza mbona sichoki kilomita za mwisho. Dada zangu, ombeni pia kipimo cha uzito wa mifupa.

Mzee wa Kilomita

Asante sana dada yangu, hili lilihitaji kusemwa na wewe. Na wanaume wasidhani limewapita, sisi pia mifupa inapungua, taratibu tu. Suala la kula naliunga mkono kwa nguvu zote. Misuli ya mzee haiitikii protini kidogo kama ya kijana, inahitaji kiasi kikubwa zaidi kwa mlo mmoja. Mimi nagawa protini yangu milo yote mitatu badala ya kuirundika usiku.

Pumzi Ndefu

Mzee, na magoti? Kila mtu anamwambia baba magoti yatakwisha.

Mzee wa Kilomita

Mwambie baba awajibu kwa takwimu. Mwaka 2017 yalichapishwa mapitio ya tafiti nyingi kuhusu ugonjwa wa kulika kwa viungo vya goti na nyonga. Kwa wanaokimbia kwa kujifurahisha ulikuwa asilimia 3.5. Kwa wasiokimbia kabisa, asilimia 10.2. Kwa wanaoshindana ngazi za juu, asilimia 13.3. Haimaanishi kwamba kukimbia ni dawa, kwa sababu mwenye goti bovu naye huacha kukimbia akahesabiwa upande mwingine. Lakini ile imani kwamba kila hatua inasaga goti mpaka liishe haina msingi kwa watu wa kiwango chetu.

Goti lililokwisha kulika au lililopasuliwa ni habari nyingine, hilo aende kwa daktari.

Mwanzo Mgumu

Tuhamie kwenye siku yenyewe. Mbio zangu zilizopita nilikuwa vizuri mpaka kilomita 30, baada ya hapo giza. Nini kilitokea?

Mzee wa Kilomita

Kilichokukuta kinaitwa ukuta na kina maelezo. Mwili unahifadhi wanga kwenye misuli na ini kama glaikojeni, na akiba hiyo haitoshi kilomita 42 kwa watu wengi. Ikikaribia kuisha, mwili unaegemea mafuta, ambayo hayawezi kutoa nguvu kwa haraka ileile, kwa hiyo kasi inaanguka hata ukijilazimisha. Kadiri ulivyoanza kwa kasi, ndivyo ulivyoichoma mapema.

Dawa yake ni mbili. Moja ni kuanza taratibu kuliko unavyojisikia. Kilomita tano za kwanza mimi nakimbia nikijizuia, na watu wananipita kwa makundi. Nyingine ni kula njiani tangu mapema: gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa, jeli au kinywaji, kuanzia kama nusu saa ya kwanza. Ukisubiri kusikia njaa umechelewa. Tumbo nalo lifundishwe kwenye mbio ndefu za mazoezi, usijaribu jeli mpya siku ya mashindano.

Kwa mzee kuna kitu kingine baada ya kilomita 30 ambacho vijana hawakisemi, nacho ni unyayo. Vigimbi vinaanza kutetemeka kidogokidogo chini ya ngozi kama vina kitu kinachotembea ndani, nyonga zinashuka, na ncha ya kiatu inaanza kukwaruza lami. Unausikia ule mkwaruzo kabla hujauhisi. Nikiusikia mara mbili najua hatari ya kuanguka imekaribia, kwa hiyo nafupisha hatua, naongeza idadi ya hatua, nainua magoti kwa makusudi, na naangalia mita kumi mbele badala ya miguuni. Kwenye vituo vya maji natembea kabisa. Sakafu pale imelowa na vikombe vimetapakaa.

Kutembea si aibu. Jeff Galloway, aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya 1972, amefundisha watu wengi sana kukimbia na kutembea kwa zamu, kwa mfano dakika nne za mbio na moja ya kutembea. Siri yake ni kuanza zamu hizo tangu kilomita ya kwanza, ukiwa bado na nguvu. Akisubiri mpaka achoke, mtu hafuati mbinu hiyo tena, amezidiwa tu.

Kigimbi

Na maji? Nimesikia wazee wanywe sana kwa sababu kiu inapungua na umri.

Mzee wa Kilomita

Nusu ya hiyo ni kweli na nusu ni hatari. Hisia ya kiu kweli hupungua na umri, na figo zinapunguza uwezo wa kuhifadhi maji. Lakini figo hizohizo pia zinachelewa kuyatoa maji yaliyozidi. Kwenye Boston ya mwaka 2002 walipimwa damu wakimbiaji 488 waliomaliza, na asilimia 13 walikutwa sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, imeshuka chini ya kiwango. Waliohusika zaidi walikuwa walioongezeka uzito wakati wa mbio, maana yake walikunywa kuliko walivyotoka jasho, na waliokaa barabarani zaidi ya saa nne. Hao wa zaidi ya saa nne ndio sisi!

Sodiamu ikishuka sana ubongo unavimba. Unaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba mpaka pete inabana, kisha mtu anachanganyikiwa. Watu wakimwona hivyo wanampa maji zaidi. Ni hatari kubwa.

Ninachofanya: napima uzito kabla na baada ya mbio ndefu za mazoezi, katika joto la aina mbalimbali. Nikipungua kilo moja hivi naona nimekunywa sawa. Nikiwa nimeongezeka, nimezidisha. Na simezi ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, au dawa za jamii hiyo kabla ya mbio wala wakati wa mbio, kwa sababu zinaminya figo wakati tayari zina kazi nzito. Wengi wa rika letu wanakunywa dawa za presha, na baadhi ya hizo huongeza kukojoa. Mwenye kuzitumia azungumze na daktari wake kuhusu siku ya mbio.

Bibi Raba

Kaka, ongelea na muda. Kuna wenzetu wanaumia moyoni kwamba kila mwaka wanapungua.

Mzee wa Kilomita

Ni kweli inauma, hasa kwa waliokuwa wazuri ujanani. Sisi tulioanza tukiwa wakubwa tuna bahati, maana tunaanzia chini na miaka kadhaa ya mwanzo tunaendelea kupanda.

Zipo jedwali za riadha za wakongwe zinazolinganisha muda wako na kiwango cha juu cha umri na jinsia yako, unapata asilimia. Mimi naifuata hiyo. Muda unaweza kuwa umeongezeka kwa dakika tano na asilimia ikawa imepanda, na hapo najua mwaka huo nilijifua vizuri. Hata Boston wanalitambua: kwa mbio za 2026 mwanaume wa miaka 18 hadi 34 alitakiwa awe amekimbia saa 2 dakika 55 ili aombe nafasi, wa 60 hadi 64 saa 3 dakika 50, na mwanamke wa 60 hadi 64 saa 4 dakika 20. Viwango hivyo havijawekwa kwa huruma. Kuvifikia ni kazi ya miaka.

Mama Asiyekata Tamaa

Shikamooni wote. Nina miaka 58, sijawahi kukimbia maishani, ila natembea sana. Nimesoma uzi wote usiku huu. Nijiandikishe marathoni ya mwakani?

Mzee wa Kilomita

Karibu sana mama, na hongera kwa kufikiria hivyo. Usijiandikishe bado. Pumzi yako itajengeka ndani ya miezi michache, utajiona unaweza kila kitu. Kano na mifupa vinachelewa nyuma kwa miezi mingi, na katikati ya hapo ndipo wanaoanza wanapoumia.

Nenda hospitali upime niliyoyataja juu, na umsikilize dada yetu Bibi Raba kuhusu mifupa. Kisha kimbia dakika moja, tembea mbili, kwa nusu saa, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Ongeza dakika za kukimbia taratibu mpaka nusu saa yote iwe mbio. Siku mbili nyingine fanya mazoezi ya nguvu. Kisha kilomita tano, kisha kumi. Baada ya kumi rudi hapa utueleze asubuhi ya kesho yake magoti na visigino vimeamkaje, ndipo tutapanga nusu marathoni pamoja.

Bibi Raba

Mama, nitumie ujumbe wa faragha. Nitakuonyesha namna ya kuchuchumaa na uzito bila kuumiza mgongo.